Orodha ya watoto 64 na mtaalamu mmoja: uanzie wapi shuleni

Swali: Shikamoo dada. Nimehitimu tiba ya usemi na lugha mwaka huu, na mradi mmoja umeniajiri kwa mwaka mmoja nihudumie shule tatu za msingi vijijini, mkoa wa Mwanza. Mbili kati yake zina kitengo cha elimu maalumu. Walimu wakuu wamenipa orodha ya watoto 64 "wenye matatizo ya kuongea", na chumba nilichopewa ni stoo ya vitabu. Madarasa mengine yana watoto zaidi ya 90. Mradi unataka kila mwezi niripoti idadi ya vipindi vya tiba. Nikigawa muda wangu, kila mtoto anapata kama robo saa kwa wiki. Halafu yupo mvulana wa miaka tisa, darasa la pili, ambaye hajawahi kusema neno darasani. Walimu wanamwita bubu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu hiyo hesabu ya robo saa naijua. Niliifanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza shuleni, nikachora ratiba, nikaibandika ukutani. Alikuwepo msichana wa darasa la tatu aliyekuwa akisema "t" kila penye "k": kaka ikawa "tata", kikombe ikawa "titombe". Mara mbili kwa wiki nilimtoa darasani, tukakaa kwenye chumba changu na kioo, picha, na kijiko cha kumzuia ncha ya ulimi isipande. Mihula miwili. Akaiweza. Kaka, kuku, kisu, kikombe, safi kabisa. Nikafunga faili lake kwa furaha. Wiki iliyofuata nikapita nje ya dirisha la darasa lao wakati mwalimu ameinua kikombe juu anauliza hiki ni nini. Yule binti akanyoosha mkono, akasimama, akasema "titombe". Darasa zima likaangua kicheko. Akaketi, na mhula ule sikumwona tena akinyoosha mkono. Mwalimu wake hakujua kwamba mtoto anaiweza "k", maana hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nimemfundisha kuongea na mimi tu.

Tangu siku ile kila kitu ninachokifanya shuleni nakipima kwa swali moja: mtoto huyu amebadilika nini mahali ambapo mimi sipo? Hilo ndilo jibu langu kwako, na yote yanayofuata ni namna ya kulifanyia kazi.

Usijilaumu kwa kufikiria ratiba ya mtoto mmoja mmoja. Vitabu tulivyosomea vingi vimeandikwa mahali pengine. Marekani, kwa mfano, kuna sheria ya tangu mwaka 1975 inayoilazimisha shule ya serikali kumpa mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa bila malipo. Mtaalamu wa usemi huko ni mtumishi wa shule kama alivyo mwalimu, na kila mtoto anayehudumiwa ana mpango wake ulioandikwa. Hata huko, watoto hamsini hivi kwa mtaalamu mmoja ni jambo la kawaida, na wanalalamika kwa haki. Kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imempa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake, lakini sisi wenye fani hii bado tunahesabika. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, juzi tu. Kwa hiyo anayekaa na mtoto huyo siku nzima ni mwalimu, na mkataba wako ukiisha atabaki mwalimu.

Siku ya kwanza, orodha iache mezani. Nenda kwenye kitengo saa nne, uji unapogawiwa, ukae kwenye benchi uangalie. Tunaitwa watu wa usemi, lakini mdomo na koo tulivyovisomea ndivyo vya kulia pia, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kikombe cha uji kinaweza kuwa cha hatari kuliko kitu kingine chochote atakachokutana nacho shuleni. Huenda utaona hivi: mtoto amelazwa kwenye mapaja ya mlezi, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa ili ushuke wenyewe. Anakohoa, machozi yanamtoka, akilia sauti yake ina majimaji. Mlezi anamfuta na kuendelea. Mlezi huyo hana ubaya wowote. Ana watoto kumi na wawili wa kulisha na kengele iko karibu kulia. Lakini uji ule unaweza kuingia njia ya hewa, na mtoto ambaye nimonia haimwishi huenda anaipatia hapo hapo.

Usitoe mhadhara. Omba umlishe mmoja. Mkalishe wima, makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, miguu ikanyage kitu hata kama ni tofali, kidevu kiinamie mbele kidogo. Chukua kijiko kidogo. Mpe, subiri uone koo limepanda na kushuka, ndipo umpe kingine. Akimaliza asilazwe, abaki ameketi kama nusu saa. Utatumia dakika ishirini pale mlezi alipotumia tano, naye ataliona hilo, kwa hiyo jambo hili lifikishe kwa mwalimu mkuu kama suala la mikono: nani mwingine anaweza kuwepo saa nne, mzazi gani wa zamu? Kiti nacho fundi seremala wa kijijini anakitengeneza kwa mbao, ukimchorea na kumpimia mtoto mwenyewe. Ukimaliza mwaka huu watoto wa vitengo viwili wanakula wakiwa wima, mimi nitasema umefanya kazi kubwa hata kama hakuna "r" hata moja iliyonyooka.

Baada ya uji, masikio. Ya wote 64, kabla hujapima kitu kingine chochote.

Najua huna mashine ya kupimia usikivu, na stoo ya vitabu si chumba kimya. Tumia zile sauti sita alizozipendekeza Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi: a, u, i, m, sh, s. Zote sita ni sauti za Kiswahili, wala huna haja ya kubadili kitu. Tafuta kopo la bati na punje za mahindi. Mfundishe mtoto kwanza akiwa anakutazama: ukisema sauti, anatumbukiza punje, usiposema, anaishikilia. Akishaelewa, simama nyuma yake hatua moja, useme kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, ukipishanisha vituo ili asikisie. Kisha hatua tatu nyuma. Fanya hivi mapema asubuhi kabla shule haijachangamka, au chini ya mti mbali na madarasa. Mtoto anayetumbukiza punje kwenye "m" na "u" lakini mkono ukaganda kwenye "s" na "sh", huyo huenda hasikii sauti nyembamba. Ndiyo maana akisema "shika" unasikia "ika". Hakuna zoezi la ulimi litakalomrudishia sauti asiyoisikia.

Hapo hapo angalia sikio lenyewe, na usione haya kunusa. Usaha unaotoka wiki nenda wiki rudi, hata usipouma, unakula usikivu wa mtoto. Huyo aende zahanati, na yule ambaye hajapata nafuu au ameshindwa zile sauti apewe rufaa hadi kwenye kliniki ya masikio. Kwa mkoa wenu hospitali ya Bugando ipo. Wazazi waambie kwa upole wasimimine kitu humo, si mafuta ya moto, si maji ya majani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu wa utotoni unatokana na sababu zinazozuilika. Nikikumbuka miaka niliyokuwa nikianza na picha na kioo kabla ya masikio, naona uchungu.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe. Nakuandaa mapema: baadhi ya majina yale si ya wagonjwa. Uko Usukumani. Kisukuma hakina "r", kwa hiyo mtoto aliyezaliwa akakisikia akasema "lafiki" na "kalatasi" anaongea kama mama yake, na mama yake hana tatizo lolote. Ungekuwa Tarime ungekuta kinyume chake, "kura" kwa "kula". Zile "dh" na "th" watu wazima wengi nchini, wakiwemo walimu, wanazisema "z" na "s", na hakuna anayewapeleka kliniki. Mtoto wa chekechea anayesema "nakula" badala ya "ninakula" hana kosa, mtaani wote tunasema hivyo. Na wapo watoto ambao Kiswahili wamekutana nacho siku walipoletwa shule. Wanakaa kimya miezi kadhaa wakisikiliza, kama ambavyo mimi na wewe tungekaa kimya tukipelekwa Beijing.

Tatizo la kweli la lugha linaonekana katika kila lugha anayoijua mtoto. Kwa hiyo swali linaloamua mambo halimo kwenye fomu yoyote. Ni lile utakalomuuliza bibi yake, baada ya kumsalimia mwangaluka na kukaa kwenye kigoda: akicheza na watoto wa rika lake, kwa Kisukuma, anaongea kama wao? Anatumwa kitu akaleta kingine? Alianza kuongea sawa na ndugu zake? Bibi hatakupa alama, lakini atakupa jibu.

Kipimo kingine ninachokipenda ni cha maneno yasiyo maneno. Tunga mwenyewe kwa silabi za kawaida ambazo lugha zote mbili zinazo: "pamo", "lokupe", "takumeno", "nibasolepa". Mwambie ni majina ya wanyama wa mbali, ayarudie. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyasikia, mgeni wa Kiswahili na mwenyeji wanaanzia mahali pamoja. Asiyeweza kushika silabi tatu wakati wenzake wa darasa lile lile wanashika nne na tano, muwekee alama. Fanya kwanza na watoto kumi ambao walimu hawana wasiwasi nao, upate kujua kawaida ya hapo kijijini kwenu. Kisha mfundishe kitu kidogo, neno jipya au namna ya kusimulia picha tatu, urudi baada ya siku mbili. Aliyekosa nafasi ya kujifunza atakuwa amesogea. Mwenye tatizo utamkuta karibu pale pale ulipomwacha. Jambo hilo linakuambia mengi kuliko alama ya siku moja.

Kinachonihuzunisha zaidi kuhusu orodha za namna hii ni wale wasiomo. Mwalimu akiambiwa ataje wenye shida ya kuongea, anataja wanaosikika vibaya: wa kithembe, wa kigugumizi, aliyefanyiwa upasuaji wa mdomo. Hamtaji yule aliye kimya, mwenye adabu, anayenakili ubaoni vizuri na haelewi alichokinakili. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2016 ulikuta watoto kama wawili katika kila thelathini wakianza shule na tatizo la lugha lisilotokana na ugonjwa mwingine unaojulikana. Sisemi hesabu ya kwao ndiyo yetu, lakini ukiiweka kwenye darasa la 90 ni watoto sita, na pengine hata mmoja wao hayumo kwenye karatasi yako. Rudi kwa walimu na swali jingine: "Ukitoa agizo, ni nani anawatazama wenzake kwanza ndipo afanye?" Utaona mwalimu ananyamaza, halafu anaanza kutaja majina moja moja, na mara nyingi ni wale wale waliochapwa kwa uvivu.

Ukishafika hapo orodha yako itakuwa imebadilika sura, na utaweza kuipanga. Wa uji na wa masikio tayari unao. Wanaofuata ni wale wasio na njia yoyote ya kusema jambo: waliopo kitengoni bila maneno. Hao wapatie picha. Karatasi ngumu, michoro ya kawaida, ipitishe kwa watu wa stesheneri iwekewe nailoni. Usijaze majina ya wanyama na matunda kama chati za ukutani. Anza na maneno ambayo mtu akiyakosa anaonewa: inauma, sitaki, choo, maji, bado, tena. Ubao huo wa picha ukae shingoni mwa mtoto au mezani kwake, sio stooni kwako, na wewe na mlezi muwe mnanyooshea picha hizo mnapoongea naye, maana hakuna aliyejifunza lugha ambayo hajaona mtu akiitumia. Baada yao ndio wale kimya wa darasani. Wa kithembe wanakuja mwisho kabisa, na wazazi wao waambie ukweli huo.

Tiba ya wale wa darasani ifanyie darasani. Najua unaogopa watoto 90, nami niliogopa. Mwalimu wa darasa hilo hahitaji mgeni wa kumpa kazi mpya, anahitaji mtu wa kumpokea mzigo. Muombe kipindi kimoja kwa wiki mfundishe pamoja, ukiwa umesoma azimio lake la kazi na unajua yuko mada gani. Halafu tumia kilichopo. Mchezo wa nyama nyama watoto wote wanaujua: unaita "nyama nyama", wanaruka na kuitikia "nyama"; "ya mbuzi", "nyama"; "ya punda", na aliyeitikia anatoka. Tazama kilichomo humo ndani: kusikiliza neno hadi mwisho, kujua kundi lake, kujizuia. Badilisha "nyama" iwe "vya kuvaa" au "vya shambani" na umepata zoezi la msamiati la watoto 90 ambalo halihitaji hata chaki. Mtoto wako wa kimya mweke karibu na mwenzake anayejua, aruke naye.

Vitendawili navyo. "Nyumba yangu haina mlango." Usikimbilie yai. Simama hapo, uliza: nyumba ina nini? Ina kuta. Hii ina ukuta? Wa rangi gani? Ndani kuna nini? Kitu gani kingine hakina mlango? Mtoto mwenye upungufu wa lugha huwa na maneno yaliyoning'inia peke yake, hayajashikana na mengine, na namna hii ya kuuliza ndiyo inayoyashikanisha. Sijawahi kuona kitabu cha mazoezi kutoka ng'ambo kinachoshinda kitendawili kilichotegwa vizuri. Walimu wa madarasa ya KKK, yaani la kwanza na la pili, watakupenda pia kwa kuvunja maneno kwa makofi: ki-ka-pu, m-to, m-bwa? Hapo "mbwa" watabishana, na wabishane, kwa sababu ndiyo namna ya kuanza kuisikia "m" inayosimama peke yake.

Kwa mwalimu mwenyewe omba mambo mawili tu mhula mzima. Agizo moja moja, sio "toeni madaftari, andikeni tarehe, fanyeni namba tatu hadi sita, mkimaliza mlete". Na akiuliza swali, ahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumgeukia mwingine. Ukimuomba mambo kumi hatafanya hata moja, na hatakuwa amekosea.

Wenye kigugumizi wanastahili neno lao. Karibu asilimia 5 ya watoto hupita kwenye kugugumia, wengi wakiwa bado wadogo, na wengi huacha wenyewe. Wanaobaki nacho ni kama mtu mmoja kwa mia. Mvulana wa darasa la tano anayegugumia tangu chekechea huenda yumo kwenye huo mmoja. Huyo anachoumizwa nacho shuleni ni zamu ya kusoma kwa sauti. Anaanza kuhesabu madawati tangu la mbele, anajua aya gani itamwangukia, na hasikii chochote kinachosomwa hadi ifike. Kaa na mwalimu na mtoto pamoja, mkubaliane asome na mwenzake kwa pamoja. Wanaogugumia wengi wakisoma kwa sauti moja na mwingine kigugumizi hutulia, na mtoto atajisikia akisoma ukurasa mzima kwa sauti yake, pengine kwa mara ya kwanza. Si tiba kamili. Ila inamrudisha kwenye somo. Na asimalizwe maneno, asiambiwe "vuta pumzi", wala asichapwe kwa kuchelewa kujibu. Hilo la fimbo lisemee bila kuzunguka.

Wazazi watakuuliza kuhusu ulimi: "Umefungwa?" Mwambie mtoto aseme la, ta, na, da mbele ya mama. Ncha ikipanda na kugusa nyuma ya meno, mwonyeshe mama kwamba ulimi unafika, na umweleze kwamba ulimi uliofungwa hauwezi kumfanya mtoto asijue maneno. Kubwa kuliko hilo ni kimeo. Bado wapo watoto wanaopelekwa kukatwa kimeo kwa sababu hawaongei au wanakohoa, na kisu kile huleta kutoka damu, maambukizi, hata pepopunda. Kimeo hakizuii mtoto kuongea. Liseme kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa sauti, na ulirudie mhula unaofuata.

Ripoti ya mradi. Usiwaandikie vipindi ambavyo havimsaidii mtoto ili tu safu ijae. Nenda kwa msimamizi wako mapema, mwezi wa kwanza, na pendekezo mkononi: watoto waliopimwa masikio na waliofika kliniki, watoto wanaokula wakiwa wima, walimu wanaofundisha nawe, watoto wenye ubao wa picha wanaoutumia wewe ukiwa shule nyingine. Hizo nazo ni namba. Wasimamizi wengi niliofanya nao kazi walikubali walipoonyeshwa, maana hata wao hawakuwa na njia nyingine ya kuhesabu.

Stoo usiikatae. Itakufaa kwa mazungumzo ya siri na mzazi, na itakufaa kwa yule mvulana.

Huyo kabla ya yote mpime kwa kopo na punje, kesho ukiweza. Kama hasikii, basi neno bubu limemficha miaka miwili kiziwi ambaye hakuna aliyempa lugha, na miaka tisa ni mingi. Huyo asingoje mazoezi ya kutamka. Anahitaji lugha ya alama na watoto wengine wanaoitumia, kwa hiyo ongea na afisa elimu maalumu wa halmashauri juu ya shule ya viziwi, na mwalimu wa kitengo anayejua alama aanze naye sasa. Wapo watakaokuambia alama zitamfanya awe mvivu wa kuongea. Usiwasikilize.

Kama anasikia, nenda kwao. Huenda ukifika utamkuta anawapigia kelele ng'ombe na kubishana na dada yake kwa Kisukuma safi, halafu akikuona anaganda. Basi anaongea, na hofu ndiyo inayomfunga akiwa shuleni. Si kiburi, na kulazimishwa kutaongeza kufuli. Muombe mwalimu asimwite jina kujibu kwa sasa, na neno bubu likome, lianze kukoma ofisini kwa walimu. Dada yake yupo darasa la nne? Walete wawili stooni wakati wa mapumziko, wape bao na kete, wewe kaa mlangoni umewapa mgongo, ukiwa na kazi yako. Siku akimsemesha dada yake, usigeuke. Siku nyingine sogea hatua moja. Baadaye aongezeke mwenzake wa dawati moja, kisha bao lihamie darasani wakati wenzake wako nje, kisha wawili watatu wabaki ndani. Inaweza kuchukua mihula miwili. Ikifika siku amemnong'oneza jirani yake jibu na mwalimu akalisikia, mwalimu asipige makofi wala asilitangazie darasa. Aseme "sawa", aandike jibu ubaoni kama la mtoto mwingine yeyote, aendelee na namba inayofuata.